Uzi: Wanaokosa chanjo Tanga tunawaita wagumu wa imani. Je, tumewauliza kuhusu foleni?

#1 Mkonge Mkavu
Wadau, salaam. Kuna rasimu ya utafiti wa vikwazo vya chanjo inayozunguka, ya Tanga Jiji, Mkinga na Lushoto. Walengwa ni makundi mawili yanayoingiliana. La kwanza ni watu wenye ulemavu: watoto wenyewe, na kina mama wenye ulemavu wanaolea. La pili ni wanaosukumwa pembeni kwa sababu ya jinsia, kuanzia binti aliye nje ya shule na dada wa kazi hadi wale ambao mtaani hatutaki hata kuwataja. Dodoso limejaa maswali ya imani: umesikia nini kuhusu ugumba, dini inasemaje, nani alikuambia. Foleni, ngazi, nauli na lugha ya alama vimebanwa ukurasa wa mwisho, pale mhojiwa ameshachoka na chungu kiko jikoni.

Dai langu ni hili: ukiuliza imani kutwa nzima, utapata jibu la imani. Kisha ripoti itaandika "elimu itolewe", mabango yatachapwa, na yule mama wa Mikanjuni mwenye mtoto asiyekaa atabaki pale pale. Nasema kikwazo kikubwa ni jinsi siku ya chanjo inavyopangwa. Nipingeni, ila kwa hoja.

#2 WajaLeo
Mkonge leo kaamka na shari. Mimi nakaa mbele, kahawa na kashata ninazo.

#3 Chupa Kumi
Naanza na kitu ambacho mhojiwa hawezi kukuambia kwa sababu hakioni. Chanjo ya surua-rubella huja ikiwa unga, mara nyingi chupa ya dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake ina saa 6, au mwisho wa kikao cha siku hiyo, lolote litakalotangulia. Baada ya hapo ni kutupa. BCG, ile ya kifua kikuu, ni vivyo hivyo, na chupa yake ni dozi 20. Muuguzi akiletewa mtoto mmoja saa 8 mchana anapiga hesabu kichwani: nikifungua, tisa zinakwenda na maji, na mwisho wa mwezi nitaulizwa. Anamwambia mama arudi siku watakayokuwa wengi.

Penta, ile sindano moja ya magonjwa matano, haina shida hiyo. Ni ya maji, na ikishafunguliwa inaweza kutumika hadi siku 28 mradi imetunzwa nyuzi 2 hadi 8, haijaisha muda na kile kiashiria cha joto kwenye chupa bado kiko sawa.

Sasa nani hufika saa 8? Ni yule aliyesubiri mtu wa kumsaidia kumbeba mtoto. Kwa mama mwingine, "rudi Jumatano" ni usumbufu. Kwa huyu ni kutafuta upya bajaji, msaidizi na ruhusa. Kwa hiyo kwenye takwimu zenu tazameni pengo kati ya penta ya 3 (wiki ya 14) na surua ya kwanza (miezi 9), kisha surua ya pili (miezi 18). Likiwa pana zaidi kwa watoto wenye ulemavu kuliko kwa wenzao wa mtaa huohuo, ishukuni chupa kabla hamjamshuku shehe.

#4 Bibie wa Raskazone
Chupa Kumi, umeanzia mlango wa zahanati. Mimi naanzia mlango wa nyumba. Wako watoto hawafiki hata hiyo saa 8, kwa kuwa hakuna aliyesema wapo.

Chukua kampeni za matone ya polio za 2022, zilizokuja baada ya kirusi kuthibitishwa Malawi mwezi Februari. Ilikuwa nyumba kwa nyumba, mtoto anatiwa wino kidoleni, nyumba inaandikwa chaki. Mchanjaji anapiga hodi, anauliza "watoto wa chini ya miaka mitano wako wangapi?" Bibi anajibu "wawili", na wawili wanatokea wakikimbia. Wa tatu yuko chumba cha uani, hatembei, na bibi hakudanganya kwa nia mbaya: kwake, swali linahusu watoto wanaochanjwa. Nyumba inawekwa alama ya kumaliza. Tangu hapo hakuna atakayerudi, maana ukutani pameandikwa pamekamilika.

Swali likibadilishwa linatoa jibu jingine: "Nani wengine walilala humu jana? Yupo aliyelala sasa hivi, mgonjwa, au asiyetoka nje?" Hayo ni maneno ya nusu dakika.

#5 Mgosi wa Kaya
Nyote mnazunguka mbuyu. Ni umaskini. Kaya yenye mtu mwenye ulemavu hutumia zaidi na huingiza kidogo, kwa kuwa mmoja anabaki nyumbani kulea. Linganisha maskini na maskini mwenzake uone kama hiyo tofauti itabaki.

#6 Dodoso
Mgosi, hilo linapimika, si la kubishania kahawani. Ila kwanza tuwapate hao watu. Tumieni maswali sita ya Kundi la Washington, kundi la kimataifa la takwimu za ulemavu: kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka na kumakinika, kujihudumia (kuoga, kuvaa), na kuwasiliana. Majibu ni manne: hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, hawezi kabisa. Anayejibu "ugumu mkubwa" au "hawezi kabisa" kwa moja tu anahesabiwa. Neno "ulemavu" lisitajwe kabla wala katikati ya maswali hayo, maana likitajwa watu hukana. Muulizeni kila mtoto wa 12 hadi 23 miezi, kama tafiti za chanjo zinavyofanya. Asilimia 9.3 ya Watanzania wana ulemavu kwa mujibu wa sensa, kwa hiyo sampuli itatosha.

#7 Fundi Takwimu
#6 ina mambo matatu ya kurekebisha, bila ubaya.

Asilimia 9.3 ni ya sensa ya 2012. Ya 2022 ilitoa 11.2, na hiyo ni kwa wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Huwezi kuishusha kwa watoto wachanga.

Pili, yale maswali sita hayakutengenezwa kwa watoto wadogo. Mtoto wa mwaka mmoja kila mmoja "hawezi kujivalisha". Kwa watoto kuna seti nyingine, iliyotengenezwa pamoja na UNICEF na kutolewa 2016, yenye matoleo mawili: miaka 2 hadi 4, na 5 hadi 17. Chini ya miaka 2 hakuna. Basi kundi lenu la miezi 12 hadi 23 ndilo hasa ambalo ulemavu haupimiki kwa maswali haya. Hamieni miezi 24 hadi 59, someni kadi ya kliniki kwa tarehe, na mkubali kwamba kadi nyingi zitakuwa zimechanika au zimepotea. Hapo Tanga mna bahati: ni miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuwekewa daftari la chanjo la kielektroniki, kwa hiyo mtoto asiye na kadi anaweza kutafutwa humo. Ila humo mtamkuta kwa jina na tarehe tu, msitegemee liwaambie nani hasikii.

Tatu, sampuli. Tuseme mnataka kuona tofauti ya waliochanjwa, asilimia 85 kwa watoto wengine na 70 kwa wenye ulemavu. Kwa nguvu ya asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti kama ipo) na kiwango cha 0.05 (nafasi ya kuiona isipokuwepo), mnahitaji kama watoto 121 kila kundi. Zidisheni 1.5 kwa sababu mnachagua kwa vishada, yaani mafungu ya watoto wa mtaa mmoja, inakuwa 182. Ongezeni wasiojibu asilimia 10, inafika 202 au 203. Sasa kama kwa mfano watoto 3 kwa kila 100 ndio wenye ugumu mkubwa, kuwapata 202 inabidi mpite kwa watoto zaidi ya 6,700. Ule mtindo wa zamani wa vishada 30, watoto 7 kila kishada, unawapa watoto 210. Humo watoto wenye ulemavu watakuwa 6. Utafiti wa watu 6 hauna la kusema.

#8 WajaLeo
Fundi ukimaliza kupiga hesabu unifanyie na ya mchezo wa kina mama wa Makorora, kuna mtu kala zamu mara mbili.

#9 Dodoso
Sawa Fundi, umri umeeleweka. Badala ya kupita kwa watoto 6,700, tumia watoa taarifa wa jamii. Njia hiyo ilianza kutumika Bangladesh kutafuta watoto wasioona, na watu wa chuo cha afya ya jamii cha London wameieneza. Unawafunza kwa siku moja watu wanaojua mitaa yao: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu wa madrasa na chekechea, wakunga wa jadi, wanachama wa vyama vya watu wenye ulemavu. Unawapa wiki nne hadi sita waorodheshe. Kisha timu inapita kuthibitisha kwa maswali yenyewe, na kwa kila mtoto aliyethibitishwa unamtafuta jirani wa rika na jinsia moja asiye na ulemavu. Jirani huyo ndiye anayejibu swali la Mgosi, kwa kuwa wako mtaa mmoja, zahanati moja, na mara nyingi hali moja ya kipato.

Kasoro yake: huleta wanaoonekana. Viungo na macho wanapatikana haraka. Ulemavu wa akili ulio mwepesi, uziwi wa sikio moja, matatizo ya afya ya akili, hivyo havitajwi.

#10 Mikono Yasema
Viziwi mmewataja mstari mmoja. Ngoja niongeze nyama.

Kituoni kikwazo cha kwanza ni kuitwa jina. Muuguzi anasimama mlangoni anaita "Mwanaidi!", mara mbili, anaendelea na mwingine. Mama kiziwi yuko kwenye benchi tangu saa 1 asubuhi, na anaondoka wa mwisho au anaondoka bila huduma. Daftari litamwandika kama hakuja. Dawa yake ni karatasi yenye namba, na ubao wa kuandika namba iliyofika. Gharama yake ni chaki.

Cha pili ni maelezo baada ya sindano. Joto kupanda siku moja au mbili baada ya penta ni kawaida. Kwa surua-rubella linaweza kuja baada ya wiki moja hivi. Asiyeambiwa anaona mtoto amechemka, anahesabu kwamba sindano ndiyo imemdhuru, harudi. Mtafiti anakuja baadaye anaandika "hofu ya madhara". Hofu ipo, lakini imezalishwa na ukimya wa chumba kile.

Kwa upande wenu watafiti: msimtumie ndugu kuwa mkalimani, hasa mume au mama mkwe, maana ndiye huenda anayezuia. Chukueni wakalimani wawili wapokezane kila dakika 20 au 30, mikono na akili vinachoka. Kikao cha kikundi kiwe watu wanne au watano, wakae nusu duara, kila mmoja amwone kila mmoja, dirisha lisiwe nyuma ya anayezungumza. Kamera ziwe mbili, moja haitoshi kwani wawili wakiongea pamoja unapoteza mmoja. Na kumbukeni video ya lugha ya alama haifichiki: uso ndio sarufi. Huwezi kuuziba ukabaki na maana. Tafsirini mapema, funga faili kwa nywila, futeni kama ridhaa ilivyosema.

Kuna na jambo ambalo mijini halionekani. Vijijini wengi hawakusoma, hawajui Lugha ya Alama ya Tanzania, wana ishara za nyumbani tu. Mkalimani mzuri kutoka mjini atakwama. Hapo anahitajika kiziwi mwenyewe awe daraja kati ya mhojiwa na mkalimani. Wasilianeni na CHAVITA, chama cha viziwi, mapema, muda huo uwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

#11 Nauli Kamili
Mmesema nauli bila kuifungua. Dodoso likiuliza "ulitumia nauli shilingi ngapi?" litapata nauli ya mtu mmoja. Kwa mama mwenye mtoto asiyekaa, muulizeni hivi: mlikuwa wangapi mliokwenda? Daladala iliwachukua au mlikodi bajaji kwa kuwa konda hakutaka kiti cha magurudumu? Bajaji ilisubiri, na kusubiri mlilipa kiasi gani? Aliyewasindikiza aliacha kibarua gani? Ulikwenda mara ngapi kwa dozi hiyo moja? Lushoto mlimani ongezeni: sehemu gani ilikuwa ya miguu? Mtoto wa miaka miwili mwenye misuli iliyokakamaa hakai kwenye mbeleko, miguu inakaza kama mkasi, mama anambeba mbele kwa mikono miwili kwenye utelezi wa masika. Umbali wa kilomita kwenye ramani hauwaambii hayo.

#12 Bibie wa Raskazone
Hapo kwenye "ruhusa" nataka turudi. Mgosi ukisema umaskini, nieleze hili: kuna vituo ambavyo mjamzito akija bila mwenza anaambiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha hana mume. Nia ilikuwa njema, wanaume washiriki kliniki. Matokeo yake mwanamke aliyeachwa, dada wa kazi aliyepewa mimba na tajiri yake, na mwanamke mwenye ulemavu ambaye baba wa mtoto hataki ajulikane, wote wanasimama mbele ya mwenyekiti kueleza maisha yao ili wapate kadi. Wengine hawaendi. Asiyefungua kadi akiwa mjamzito anaanza na deni: pepopunda hakupata, na mtoto akizaliwa nyumbani BCG inachelewa.

Na mama mwenye ulemavu akifika kuna maneno. "Na wewe ulizaa ili nani akulelee?" Hilo halimo kwenye orodha yenu ya vikwazo. Liwekeni: "Ulipokwenda mara ya mwisho, mhudumu alisema lolote lililokuumiza?" Liulizwe na mwanamke, wawili tu, mbali na wifi.

#13 Mgosi wa Kaya
Bibie, aliyeachwa na dada wa kazi wote ni maskini. Nashukuru kwa kunithibitishia.

#14 Bibie wa Raskazone
Mgosi, fedha zitamnunulia barua?

#15 Pwani Kavu
Mimi nasimama na imani, maana mmeizika ikiwa hai. Sisi tuko jirani na mpaka. 2014 maaskofu wa Kikatoliki Kenya walipopinga hadharani kampeni ya pepopunda kwa wanawake wakidai ina kitu cha kuzuia uzazi, maneno yale hayakuomba pasi pale mpakani Horohoro. Chanjo inayolenga jinsia moja huamsha swali: kwa nini sisi tu? Ndivyo ilivyo kwa ya saratani ya mlango wa kizazi (HPV), wasichana wa miaka 14, sindano mbili. Wazazi wanauliza kwa nini wavulana hawachomwi. Kwa binti mwenye ulemavu wa akili mzazi anaongeza: "huyu hataolewa, ya nini?" Hiyo ni imani, ndugu zangu. Ubao wa namba hautaiondoa.

#16 Chupa Kumi
Pwani Kavu, hoja ya "hataolewa" ni nzito na naiunga mkono iingie kwenye dodoso. Inadhani binti huyo hatakutana na ngono, wakati wasichana wenye ulemavu ndio wako kwenye hatari zaidi ya kulazimishwa. Ila taarifa ni ya zamani. Ilianza kitaifa 2018 kwa miaka 14, dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, miaka 9 hadi 14. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshakubali dozi moja Desemba 2022.

Na dozi moja ni habari kubwa kwa mada hii. Asiyeweza kurudi hahitaji kurudi. Ilikuwa vivyo hivyo Julai 2021 ilipokuja ya Uviko ya Janssen, dozi 1,058,400 za kwanza: sindano moja, basi. Kila ziara ya ziada inawachuja walio na safari ngumu.

Kikwazo kilichobaki ni mahali. Chanjo hii inategemea sana shule. Binti asiye shuleni, dada wa kazi wa miaka 13, aliyeachishwa kwa mimba, na mtoto mwenye ulemavu asiyeandikishwa, hao wanatakiwa wafikiwe na kituo au huduma ya mkoba, ile ya wachanjaji kuwafuata watu mtaani. Mwalimu ana orodha ya darasa. Nani ana orodha ya hawa?

#17 Mama Kadi
Naomba kuuliza kidogo. Mtoto mwenye kifafa au mtindio wa ubongo si hatakiwi kuchanjwa? Wengi huambiwa hivyo.

#18 Chupa Kumi
Mama Kadi, ahsante kwa swali. Mtindio wa ubongo ulio tulivu, ugonjwa wa Down, utapiamlo, mafua mepesi: hakuna hata kimoja kinachozuia chanjo. Kinachozuia ni mzio mkali wa ghafla baada ya dozi iliyopita ya chanjo hiyohiyo, na kwa chanjo zilizo hai, upungufu mkubwa sana wa kinga. Kuhusu kifafa, tahadhari iko kwenye sehemu ya kifaduro ndani ya penta, pale ambapo degedege halijadhibitiwa au ugonjwa wa ubongo unaendelea kuzidi. Hapo daktari aamue, tena aandike kwenye kadi. "Mtoto huyu hapana" ya mlangoni siyo uamuzi wa daktari.

Kingine ni woga wa mkono. Muuguzi anaona paja limekonda na limekaza, anaogopa kugonga mfupa. Sindano ya msuli kwa mtoto mdogo ni pajani, mbele kwa upande wa nje. Chagua paja lenye nyama zaidi, mama amkalishe akimkunja kidogo nyonga na goti ili msuli ulegee, subiri mkazo upite ndipo uchome. Watafiti, muulizeni muuguzi kama amewahi kuonyeshwa hilo.

#19 Dodoso
#18 ingewekwa juu ya uzi.

#20 Kivuli cha Mwembe
Nimesubiri mtu aguse wale ambao #1 alisema mtaani hatuwataji. Kila mtu kapita pembeni kama wao. Watu wanaoishi tofauti na jinsia waliyoandikiwa, na wanaume wenye mahusiano na wanaume: kwa sheria zetu wanaweza kushtakiwa. Wanawake wanaouza miili nao wana msala wao. Kwao kikwazo ni kitambulisho na sauti ya mapokezi. Jina la kwenye kadi halifanani na mtu aliyesimama, benchi zima linageuka.

India wana mfano wa kujifunza. Mahakama ya Juu yao ilitambua jinsia ya tatu 2014, na mfumo wao wa kujiandikisha chanjo ya Uviko ulikuwa na safu ya "wengine". Hata hivyo kujiandikisha kulianzia kwenye simu na kitambulisho, mpaka ikabidi serikali itoe utaratibu wa wasio na vitambulisho, na Septemba 2021 ikatangaza kuchanja majumbani wasioweza kutoka. Kutambuliwa kwenye karatasi hakukumaliza kazi. Sisi hata hiyo karatasi hatuna, kwa hiyo msiige dodoso lao na kuweka kisanduku cha "jinsia nyingine" kwenye fomu inayopita kwa mtendaji wa mtaa. Kisanduku kile ni ushahidi.

Njia salama ni mnyororo wa wenyewe kwa wenyewe: mbegu nne hadi sita zinazoaminika, yaani watu wa kuanzia, kila mmoja kuponi tatu za kuwaalika wenzake, zenye namba bila jina, mahojiano mahali wanapochagua wao. Hakuna jina, hakuna nukta ya ramani, ridhaa kwa mdomo, nauli inarudishwa taslimu bila saini ya jina. Na swali liwe la huduma: ulipata, hukupata, ilikuwaje mapokezi. Kama utafiti hauhitaji kujua mtu analala na nani, usiulize.

#21 Mkonge Mkavu
Kivuli, hapo ndipo pana mfupa. Njia ya vibali inajulikana: kamati ya maadili ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) kwanza, kama kuna mgeni kutoka nje kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), kisha barua kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa halmashauri, Mganga Mkuu wa halmashauri, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa. Na matokeo nayo yaombewe idhini NIMR kabla ya kuchapishwa. Kila ngazi inataka kujua mtahoji nani na wapi. Utamhojije mtu kwa siri ambayo mwenyekiti ameiwekea muhuri?

#22 Kivuli cha Mwembe
Barua ieleze "watu wazima wanaopata ugumu wa huduma za chanjo", na itifaki kamili ibaki kwa kamati ya maadili. Kamati ijue yote.

#23 Dodoso
Sikubaliani nusu. Ukimficha mwenyekiti lengo halafu akaligundua, wanaolipa ni wahojiwa, wewe umesharudi mjini. Afadhali kundi hilo liwe utafiti peke yake, mdogo, usio na mitaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo hata orodha ya watoa taarifa ya #9 ina masharti. Orodha ya kaya zenye watu wenye ualbino, yenye nukta za ramani, ikidondoka kwenye simu ya mtu, mnaijua historia ya nchi hii.

#24 Shekhe Bajaji
Nimesoma wote. Nina moja: huduma ya mkoba ikija mtaani inawekwa chini ya mwembe au ofisi ya kata yenye ngazi tatu? Bajaji inaishia wapi? Mchanga wa Chongoleani kiti cha magurudumu hakisogei. Na mwenye ualbino anapangwa foleni juani saa 6. Waulizeni madereva, tunawabeba kila Jumatano.

#25 WajaLeo
Shekhe, na bei ya kusubiri mpunguze basi, #11 kawataja.

#26 Shekhe Bajaji
Mafuta yakishuka.

#27 Fundi Takwimu
Kwa wanaotaka kupanga maswali: mfumo wa Shirika la Afya Duniani wa 2022, wa kueleza kwa nini watu huchanja au hawachanji, una mafungu manne: watu wanafikiri na kuhisi nini, msukumo wa jamii, utayari, na mambo ya utendaji. Pwani Kavu yuko fungu la kwanza, Bibie la pili, Nauli na Shekhe la nne. Chupa Kumi hayumo vizuri popote, kwa kuwa mfumo unamuuliza mteja, na mteja haijui chupa. Basi kila kituo kikaguliwe pia: siku ngapi kwa wiki wanafungua surua, wangapi walirudishwa mwezi uliopita, ngazi ngapi, mlango upana gani, mteremko wa kiti cha magurudumu upo na ni mkali kiasi gani (sentimita 12 mbele kwa kila moja ya kupanda ndicho kipimo kinachotumika sana). Mkanda wa kupimia, nusu saa.

#28 Mgosi wa Kaya
Na kipato pimeni. Msisahau.

#29 Fundi Takwimu
Kitapimwa, Mgosi. Ila ulemavu wenyewe hushusha kipato. Ukikisawazisha kwenye hesabu unaweza kufuta sehemu ya jambo unalolitafuta, kisha useme halikuwepo. Toeni matokeo mawili, kabla na baada.

#30 Pwani Kavu
Bado hamjaniambia nani atazungumza na yule mzazi wa "hataolewa".

#31 Mikono Yasema
Mzazi mwingine mwenye binti kama huyo aliyekwisha chanjwa. Si daktari, si bango.

#32 Chupa Kumi
Na huyo mzazi akishakubali, akimleta saa 8 mchana, nani atamfungulia mlango?

#33 Mama Kadi
HPV nayo ina chupa ya kutupa kama surua?

#34 Chupa Kumi
Hapana, si unga, haichanganywi. Akija mmoja anachomwa mmoja. Akirudishwa, uliza sababu nyingine.